Nyumba za Ulaya na Sufuria za Blacktown

Siku ile ninaikumbuka vizuri, mwanangu, maana niliamka nikiwa mtu mwema, na kufikia saa sita mchana nilikuwa nataka kumfukuza mjamzito.

Nilikuwa bado kijana, tukikaa nyumba ya kupanga hapa Blacktown, pembezoni mwa jiji hili la ugenini. Mama mkwe alikuwa na chumba chake, mimi na mume wangu chetu, na shemeji yangu Baraka na mkewe Esta walilala sebuleni nyuma ya pazia. Esta alikuwa karibu kujifungua. Kila Jumamosi walikwenda kutafuta nyumba, hadi Penrith huko mbali, wakapanga foleni na watu kibao, wakaonyeshwa bafu na jiko, kisha dalali akampa mtu mwingine.

Asubuhi hiyo, kwenye kikundi cha ukoo cha WhatsApp, ikaingia picha ya jedwali. Nchi za Ulaya zimepangwa: zenye nyumba nyingi kuliko kaya juu, zinazopungukiwa chini. Italia ilikuwa huko juu. Dada yangu Furaha, aliyeolewa Italia, akaandika, "Huku kwetu nyumba zinabaki," na alama ya kicheko mwishoni.

Nilimwonea wivu. Furaha huyu huyu tuliyelala naye mkeka mmoja kwenye kambi ya wakimbizi. Nikawa namwona akizunguka chumba hadi chumba, akichagua leo alale wapi, wakati mimi nikitaka kwenda chooni naruka miguu ya shemeji. Nikajiambia wenzetu Ulaya wana akili, nyumba moja kaya moja. Nikaingia jikoni, nikamsomea mama mkwe jedwali lile, nikamwambia Baraka na Esta watafute pa kwenda kabla mtoto hajazaliwa.

Mama mkwe alikuwa anasonga bugali. Kwao Kivu, kama alivyotufundisha sisi wakwe zake, kila mke ana sufuria yake hata mkikaa nyumba moja. Hakugeuka kunitazama.

"Hesabu hizo sufuria."

"Tatu, mama."

"Basi humu muko kaya tatu. Mutu wa serikali akipita, ataandika ngapi?"

"Moja."

"Ni hivyo. Kaya yenye haina mulango wake, hawaiandike. Sasa unaonea wivu hesabu gani? Piga simu, uulize dada yako iko analala wapi."

Nikapiga palepale, kwa kiburi. Zile nyumba zinazobaki, Furaha akasema, ziko vijijini milimani, ambako kazi hakuna na vijana wamehama. Mjini kwenye kazi hazipatikani. Yeye, mumewe na watoto walikuwa wanakaa chumba kimoja kwa wakwe zake.

"Nilikuwa natania tu, dada," akasema, sauti imeshuka.

Nilifurahi, mwanangu. Sitakudanganya, kwanza nilifurahi, ndipo nikaona aibu. Nilipogeuka, Esta alikuwa amesimama mlangoni, mkono kiunoni. Alikuwa amesikia kila neno. Mtoto alipozaliwa niliwapisha chumba chetu, mimi na mume wangu tukalala nyuma ya pazia, nami nikawa nanung'unika usiku baada ya usiku.

Sasa nakusikia na wewe ukizitaja nchi za watu, kule nyumba zinatosha, kule ndiko tungekwenda. Huenda ni kweli. Lakini ukiambiwa nyumba zinatosha kaya, uliza ziko wapi. Kisha uliza ni nani aliyekosa nyumba akabaki kwa mama yake, maana huyo hakuhesabiwa kama kaya, na bila yeye hesabu lazima ipendeze. Wivu wenyewe sikukatazi. Wangu bado upo. Juzi Furaha kapata nyumba yenye bustani, na chakula kikanishinda. Ninachokukataza ni kumtoa mtu nje kwa sababu ya jedwali la nchi usiyoijua, tena mtu ambaye kosa lake ni kukosa mahali kama wewe.

Mungu akupe nyumba yako, mwanangu, yenye jua na uwanja wa watoto. Na kabla hujaipata, akuweke na watu kama Esta, aliyenisikia nikimfukuza, na jioni ile ile akanipakulia chakula kutoka sufuria yake.