Mama Alipokosa Pa Kutembea Ukunda

Mama alipotolewa plasta mguuni, daktari alimwambia asikae sana. Atembee kila siku, kidogo kidogo, mpaka mguu upate nguvu tena. Nikaona bora nimtoe kijijini kwake Majoreni nimlete kwangu Ukunda, karibu na zahanati anakofanyia mazoezi. Nilikuwa nimepanga chumba cha ghorofani, barabarani kabisa, juu ya duka la vifaa vya ujenzi. Nilikipenda kwa sababu kila kitu kilikuwa karibu. Soko, msikiti, duka la dawa ninakofanya kazi, vyote unaviona dirishani.

Asubuhi ya kwanza mama alijifunga leso zake, akashika mkongojo, akaniambia, "Haya, twende nikawaamkie majirani."

Tulishuka ngazi polepole. Mlangoni pikipiki zilikuwa zimeegeshwa hata upenyo hakuna, tukapita kiubavuubavu. Pale ambapo watu wangepita kwa miguu, mwenye duka alikuwa amepanga mabati na mifuko ya saruji, na mbele yake kulikuwa na mtaro ambao vifuniko vyake vilishavunjika. Ikabidi tushuke kwenye lami. Tuktuk moja ikatupigia honi nyuma ya visigino, na mama akanikamata mkono mpaka kucha zikaniingia.

Soko lilikuwa ng'ambo. Tulisimama ukingoni tukingoja magari yapungue, nayo hayakupungua. Kila nilipomwambia "sasa", mama aliutazama mguu wake kwanza, na nafasi ikawa imeshapita. Jua lilikuwa kali. Hapakuwa na mti, wala kibaraza, wala hata jiwe la kukalia. Nilipoona midomo imemkauka, nikasimamisha tuktuk.

"Wapi, dada?" dereva aliuliza.

"Hapo ng'ambo."

"Hapo sokoni?" Akamtazama mama, akaitazama barabara. "Ingieni."

Alikwenda mbali kugeuza, akaturudisha upande wa pili. Mama alinunua ndimu, akataka turudi, na kurudi pia tukapanda tuktuk.

Tangu siku hiyo akawa hatoki ila kwenda zahanati. Alishinda dirishani, mguu juu ya kigoda. Jioni nikirudi kazini ananieleza aliyoyaona: bibi arusi aliyepita, mbuzi waliotoroka kwenye lori. "Watu ni wengi," alisema, "lakini hakuna anayeinua macho." Kisha akaniuliza, "Majirani zako hapa ni akina nani?"

Miaka yote niliyokaa pale nilikuwa nashuka ngazi, napanda pikipiki, nafika kazini, narudi, nafunga mlango.

"Nawajua kwa sura," nikasema.

"Humjui hata mmoja?"

"Hata mmoja, mama."

Akatikisa kichwa taratibu. "Kumbe nawe umefungiwa humu."

Usiku ule nililala vibaya. Kelele za barabara nilizozizoea zilinijia kama zimeanza siku hiyo.

Aliyemtoa mama ni mwanamke anayekaanga viazi karai nyuma ya jengo letu. Alimwona akianika nguo kwenye roshani ya nyuma, akamwita kutoka chini.

"Shikamoo, mama. Mbona huteremki tukakuona?"

"Marahaba, mwanangu. Nikiteremka nitapita wapi?"

"Pitia huku kwangu."

Kulikuwa na geti dogo la nyuma ambalo mimi nilidhani ni la kutolea taka tu. Siku yangu ya mapumziko nilimfuata mama nione anakokwenda. Geti lilitokea kwenye uchochoro ambao gari haliingii, mkokoteni tu. Miarobaini iliweka kivuli, na kila nyumba ilikuwa na baraza mbele, milango wazi. Mama alitembea kutoka baraza hadi baraza. Akichoka anakaa, akikaa anaulizwa hali ya mguu, akimaliza kujibu anainuka. Alishampata mwanamke wa Jego, kijiji cha upande wa kwetu, ambaye shangazi yake alikuwa akijuana na mama. Na uchochoro ule, baada ya kona, ukapita chini ya daraja dogo la barabara, ukatutoa sokoni kwa nyuma. Soko lile lile. Niliingia sokoni bila kugeuka nyuma kutazama kinachokuja, nikahisi mabega yameshuka.

Mwezi haukuisha, wezi waliiba pampu ya maji ya jengo. Mwenye nyumba akalifunga geti kwa mnyororo. Nilimwendea.

"Mamangu anatembelea njia hiyo. Ni amri ya daktari."

"Namwombea afueni," alisema, na alisema kwa upole. "Lakini wapangaji wanataka usalama. Mlango wa mbele upo."

"Nipe mimi ufunguo mmoja."

"Nikikupa wewe, kesho watautaka wote."

Mama akarudi kwenye roshani. Alizungumza na muuza viazi kutoka juu, akipaza sauti mpaka ikamkauka. Siku moja nilimkuta amefunga mfuko wake.

"Nirudishe kwangu, mwanangu. Mguu huu hauponi kwa kukaa."

Sikubishana naye. Tulipoteremka garini Majoreni alinitangulia kwenye mchanga, mkongojo mkono mmoja, akisimama kila mlango kuitikia salamu. Mimi nilikuwa nyuma na mfuko. Tulichelewa sana kufika, na kilichotuchelewesha hakikuwa mguu.

Alinisihi nilale. Sikuweza, kesho yake ilikuwa kazi.

Niliteremka stendi ya Ukunda, magharibi ikiingia. Jengo letu lilionekana pale pale niliposimama. Nilikuwa nimeshaulizia chumba kule uchochoroni, nikaambiwa hakuna, wenyewe hawahami. Wauza matunda walikuwa wameshapanga meza zao mpaka ukingo wa lami, na taa za magari zilinipiga machoni.

Pikipiki ikasimama mbele yangu. "Twende, dada?"

Nikapanda.