Sahani Yangu Kando ya Ubao wa Nyama

Pale Kenyatta Market kichwa kimoja husukwa na watu watatu. Mteja anakaa, mmoja anashika mbele, mwingine katikati, wa tatu kisogoni, na kazi ya kutwa inaisha kwa saa chache. Mbele hupewa mwenye jicho kali kuliko wote, maana ndipo watu wanapoangalia. Kwa miaka kumi na minne mbele palikuwa pangu. Kisha wenzangu wawili wakanihamishia kisogoni. Hakuna aliyetangaza. Asubuhi moja nilikuta kiti changu kimewekwa nyuma ya mteja, nikakikalia.

Sababu ilikuwa macho. Sukari yangu ilipanda na kushuka, na macho yakaifuata: leo naona mpaka wa nywele vizuri, kesho ni ukungu mtupu. Nilijua kwamba ukitoka kisogoni unaenda nyumbani, kwa kuwa nilishuhudia wanawake wawili wakipita njia hiyo. Kazi nyingine siijui, na sikuwa na hamu ya kujifunza.

Kilichonikera ni kwamba nilijiona mtiifu. Daktari alisema nipunguze vyakula vya wanga, nami nikaviacha kabisa, kwa kiburi, ili asinione mzembe. Chakula chetu cha mchana hakibadiliki: nyama choma kutoka vibanda vya jirani, imekatwakatwa juu ya ubao, ugali katikati, kachumbari kando, na sisi watatu tunachota kwa mikono. Ugali nikawa siugusi. Nilikula nyama tu, tena mbavu zenye mafuta, kwani nani aliwahi kuonja nyama akasema ni tamu kama sukari? Ikifika saa kumi, mikono inatetemeka na jasho linanitoka, maana vidonge vyangu vilishusha sukari niwe nimekula ugali au sijaula. Nanunua mandazi matatu, nayameza bila kutafuna sawasawa, na sukari inaruka. Kesho yake naamkia ukungu.

Mtaalamu wa lishe niliyetumwa kwake, katika kliniki moja Hurlingham, alikuwa mdogo kuliko binti yangu. Aliniuliza ninakula kwenye sahani ya ukubwa gani. Nikamwambia mchana hatuna sahani, tuna ubao. Akaweka kalamu mezani.

"Sasa mama, mkiwa watatu kwenye ubao, wewe unajuaje umekula kiasi gani?"

Sikujua. Nilijua kama nimeshiba au sijashiba, basi. Akanionyesha kwa mkono wangu mwenyewe: ugali ukubwa wa ngumi, nyama isiyo na mafuta mengi ukubwa wa kiganja bila vidole, mafuta ya kupikia kiasi cha ncha ya kidole gumba, na mboga nusu nzima ya sahani. Alisema wanga si adui yangu. Adui ni kuuacha mchana nikiwa nimemeza dawa, kisha kuufidia kwa mandazi saa kumi. Na zile mbavu, alisema, hazikuwa dawa ya sukari. Zilikuwa zinautwisha moyo mzigo mwingine.

Kununua sahani kulikuwa rahisi. Kuitoa ndiko kulinishinda siku nne. Kwetu pale, kujitenga kwenye chakula na watu unaoshika nao kichwa kimoja ni kuwatukana. Siku ya tano niliitoa, nikamega ugali wa ngumi yangu, nikachagua vipande vitatu visivyo na mafuta, nikajaza sukuma wiki niliyobeba kutoka nyumbani.

"Mathe, kwani sisi ni wachafu?" aliuliza yule mdogo, aliyerithi nafasi yangu ya mbele.

"Wacha yeye," mwenzake akacheka. "Ameomoka, ni tajiri sasa. Kesho ataleta na uma."

Ningeeleza, lakini hasira ilitangulia. Niliwaambia wale kimya, kwa kuwa si wao wanaopofuka. Wakala kimya kweli, siku hiyo na nyingi zilizofuata. Yule mdogo nilimchukia waziwazi. Alipomaliza mbele alikuwa akija nyuma kunisaidia, na hata msaada huo niliuona ni wa kuniharakisha.

Nikaendelea na sahani yangu. Saa kumi ikawa inapita bila mtetemeko, na mandazi nikayasahau. Mashine ya kupima sukari ikaacha kunitisha. Macho yakaanza kurudi, kidogo kidogo, hayajafika.

Alasiri moja tulikuwa na mteja kutoka Muthangari aliyekuwa na haraka ya harusi. Niligeuka kuchambua nywele za bandia, nikainua macho kwenye kioo cha ukutani, ambacho kwa miezi mingi kilikuwa mwanga tu. Nilimwona yule mdogo nyuma yangu. Alikuwa amefumua misuko miwili niliyosuka, amenyoosha mpaka kwa kichana, na anaisuka upya. Vidole vilikwenda mbio, kama mtu aliyezoea.

Nilimngoja mteja aende kunawa mikono.

"Unafanya hivyo tangu lini?"

Hakukana. "Tangu tukuweke hapa nyuma."

"Kila kichwa?"

"Kila kichwa. Customer haoni kisogo yake, lakini akifika kwake kuna mtu ataiona."

"Na mbona hukuniambia?"

"Ningekuambia nini, mathe? Ungebeba hiyo sahani yako uende."

Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona tena. Nilikuwa nimemnunia kwa ajili ya kipande cha ugali, naye alikuwa amenishikia kazi yangu kwa mikono yake, mbele ya macho yangu, na mimi sioni. Mteja alirudi, akakaa. Nikaikagua sehemu yangu. Mpaka wa tatu nao ulikuwa umepinda. Nikachukua kichana, nikaufumua mwenyewe, na yeye akanishikia nywele mpaka nikamaliza.