Bodi Mbili Zilizoamkiana

Mayai ya mama yaliharibika Jumamosi, na mpaka leo nikipita nyuma ya jiko siangalii pale tulipoyafukia.

Yalikuwa ya kuku wake wa kienyeji. Aliyachagua mwenyewe akatupatia mimi na rafiki yangu wa Katumba, ninayesoma naye. Tulikuwa tumetengeneza boksi la kutotolea vifaranga, tukalifunga bodi mbili za kielektroniki, kila moja na prosesa yake. Ndogo ilikaa ndani na kupima joto. Kubwa, nje, ilipokea vipimo kwa waya, ikawasha au kuzima balbu.

Nilichokipenda zaidi ni salamu. Mimi kusalimia wageni kunanishinda. Basi tukapanga bodi ndogo iamkie kwanza: "Shikamoo." Ikishajibiwa "Marahaba" ndipo itaje joto, tena kwa sentensi nzima, maneno yakipita herufi moja moja kwenye kioo kidogo. Mama mdogo alipoona alicheka mpaka akakaa chini.

"Haka kadude kana adabu kuliko wewe," akaniambia.

Nilicheka na mimi. Majirani nao wakaja kuangalia. Mama alikuwa anawamulikia mayai kwa tochi ya simu, waone ile mishipa myekundu imeanza. Alishasema vifaranga atavifugia wapi.

Hatukujua kwamba bodi zikiwa zinaamkiana, vipimo vipya vinapanga foleni nyuma, na foleni inazidi kurefuka. Jumamosi mchana, jua limeshika bati, bodi kubwa ilikuwa bado inasoma habari za alfajiri kwamba ndani kuna baridi. Ikaacha balbu inawaka. Niliporudi kutoka kuchota maji, boksi lilikuwa la moto hata mkono hauvumilii.

Mama alipasua yai moja, kifaranga kimeshakufa. Akaniuliza taratibu, "Sasa mwanangu, nyumba ikiungua, napo utaanza na shikamoo?"

Nilichukua jembe, tukayafukia nyuma ya jiko.

Kesho yake rafiki yangu aliandika programu upya. Bodi ndogo inatuma namba tu, tena pale joto linapobadilika. Inaenda vizuri, yaani balbu inazima hapo hapo. Lakini boksi ni tupu. Mayai mengine mama ameyaweka chini ya kuku. Hakunikatalia, maana hata kuomba sikuomba.