Zahanati Iliyojibu Jumamosi Tu

Watu wengi hudanganya kwa kusema mengi. Mimi niliwahi kudanganya kwa kutia sahihi tu, na sahihi yenyewe ilinichukua muda kuiandika, maana shule niliiachia darasa la tatu nikachunge ng'ombe wa baba. Ng'ombe wawili. Nasema hivyo msije mkadhani tulikuwa matajiri.

Hata hivyo nilipata kazi ya ufundi wa laini za simu pale Kisii mjini, miaka ya sitini ikielekea kuisha. Hawakuniuliza nimesoma mpaka wapi, waliniuliza kama naogopa kupanda nguzo. Nikasema siogopi. Huo nao ulikuwa uongo, ila baada ya mwezi mmoja ukageuka kweli.

Basi, kulikuwa na laini moja iliyotoka mjini, ikapita Keumbu, ikapanda upande wa Manga. Simu nne zilitumia waya huo mmoja: ya duka la Keumbu, ya zahanati ya masista, ya chifu na ya shule. Opereta wa mjini akipiga, kengele zote nne zililia. Kila mtu alijua mlio wake kwa urefu na ufupi, na asiyeitwa alitakiwa kuiacha simu ilale. Alitakiwa, nasema.

Orodha ya milio aliiandika opereta mpya, binti kutoka Ukambani, aliyekuwa kwenye miezi mitatu ya majaribio. Akifaulu anaajiriwa, akishindwa anarudi kwao. Mkubwa wa kituo akaniita.

"Fundi, kagua kazi ya huyu dada. Hakikisha kila mwenye simu yupo kwake, halafu mjaribu milio yote. Ukiridhika, tia sahihi."

Nikaishika ile karatasi kama daktari anavyoshika picha ya mapafu.

"Hii mistari mifupi mbona haijanyooka?"

"Fundi, inaonyesha mlio mfupi tu. Si lazima inyooke."

"Kazi ya serikali hunyooka."

Akaleta rula. Nikaona hiyo haitoshi kunipa heshima, nikamwambia chifu aandikwe juu kabisa. Akaandika upya yote, kwa wino, bila kuguna. Duka: mrefu, mfupi. Zahanati: mrefu, mfupi, mfupi. Milio hiyo miwili ilikaa mmoja chini ya mwingine mbele ya macho yangu, na mimi nilikuwa natafuta kama chifu amepewa herufi kubwa.

Majaribio yakaangukia Ijumaa. Mimi ni Msabato, nimelelewa chini ya kilima cha Nyanchwa, na kwetu jua la Ijumaa halichezewi. Likizama, koleo liko chini, viatu vya kanisani vimeshapigwa rangi. Namshukuru Mungu kwa Sabato, lakini siku ile niliifanya kisingizio. Nilipofika Keumbu, mzee mwenye duka, Msabato mwenzangu, alikuwa ameshafunga. Kwenda kwa masista ni kupanda mlima. Nikaona heri nipande nguzo. Nikaunga simu yangu ya majaribio kwenye waya, nikautenga kwa muda na kengele za mbele, nikamwambia opereta, "Wote wako tayari. Piga mmoja mmoja."

Akapiga duka, nikajibu kwa sauti nzito. Akapiga chifu, nikakohoa. Akapiga zahanati, nikabana koo, "Tumsifu Yesu Kristo."

"Sista, una mafua?"

"Kidogo, mwanangu."

Jumatatu nikatia sahihi.

Taabu haikukawia. Kwetu mgeni akibisha mara moja unaitika. Kumwacha abishe tena ni kumtukana, na yule mzee alikuwa mtu wa adabu. Binti akiita zahanati, mzee alisikia mrefu, mfupi, papo hapo akainua. Akishainua, kengele za mbele zilinyamaza.

"Haloo! Karibu!"

"Si wewe, mzee. Nimepiga zahanati."

"Umeniita mimi, mwanangu. Nimesikia kwa masikio yangu."

Masista walisikia mlio wa duka tu, wakaiacha simu ilale. Dawa za chanjo zikakaa mjini kwa kukosa wa kuambiwa azifuate, mpaka sista mmoja akateremka mwenyewe kuja kulalamika. Mkubwa akaitazama orodha, akaiona sahihi yangu. Orodha imekaguliwa, akasema, kwa hiyo kosa ni la mkono wa opereta. Mimi wakati huo nilikuwa nazunguka nguzoni naondoa majani ya migomba kwenye waya, nikitafuta kosa mahali ambapo halikuwa na nafasi ya kukaa.

Wiki ya tatu akatuita wote wawili. Barua ya kumrudisha binti kwao ilikuwa mezani, imebaki sahihi.

"Siku sita unakosea," mkubwa akamwambia, "Jumamosi unapatia. Kumbe ukitaka unaweza!"

"Jumamosi nazungusha mpini wa kengele vilevile, mkubwa. Mkono ni huu huu."

Mkubwa hakuwa Msabato. Kwake Jumamosi ilikuwa siku kama nyingine. Lakini mimi Jumamosi zote mbili nilikuwa nimekaa nyuma ya mzee yule kanisani, nikitazama kisogo chake. Duka limefungwa, simu haina wa kuinua. Binti alikuwa anakunja leso yake, anaikunjua. Nikajua nikinyamaza kidogo tu, kalamu itamaliza.

"Mkubwa, duka limo ndani ya zahanati."

Akanitazama kama anayemtazama mlevi. Nikagonga meza kwa kidole: mrefu, mfupi. "Hapa mzee ameshainua." Nikagonga wa mwisho. "Huu unamkuta anasema karibu."

"Ulipojaribu hukuliona?"

"Mzee hakuwepo."

"Nani alijibu simu yake?"

"Mimi."

"Na ya zahanati?"

"Mimi pia, mkubwa."

"Chifu je?"

"Chifu nilikohoa tu."

"Yule sista mwenye mafua!" binti akasema, na sikujua kama atanipiga au atacheka. Akavuta karatasi. "Mzee apewe mlio unaoanza na mfupi, peke yake. Wengine wote waanze na mrefu. Hata akiwa na haraka, hataingia kwa mwenzake."

Siku hiyohiyo zahanati ikajibu, na haikuwa Jumamosi.

Binti akaajiriwa. Barua nayo haikupotea, iligeuzwa kuwa ya onyo, ikabadilishwa jina nikapewa mimi. Nikakaa nayo mfukoni siku mbili, kisha nikaona hakuna njia, nikampelekea yeye anisomee. Alikuwa na haki ya kuisoma kwa sauti mpaka isikike barabarani. Akaisoma kimya, midomo ikicheza.

"Inasema ujirekebishe, fundi."

"Ni hayo tu?"

"Ni hayo tu."

Mistari ilikuwa kumi na minne. Kuhesabu nilikuwa najua.