Sindano kwenye Shingo ya Mama Mdogo

Asubuhi niliyoondoka Lushoto sikuwa na mpango wowote. Nilikuwa nikipasua mbao kwa mtu mmoja juu ya mji. Niliamka, nikanawa uso, nikauona msumeno umeegemea ukuta pale pale nilipouacha jana, na nikajua sitaushika tena. Sikugombana na mtu. Nilifunga sufuria yangu ndani ya shuka, nikashika barabara ya kuteremka Soni. Ndivyo nilivyokuwa tangu nilipoacha shule darasa la nne. Nikiona njia nataka kujua inafika wapi, na nikifika nakuta imeendelea.

Soni nilikula viazi vya kuchemsha gulioni, kisha miguu ikanipeleka Vuga. Mtu asiye na mpango huishia kwa aliyemlea. Mimi nililelewa na mdogo wake mama, baada ya mama kufariki, na nilikuwa sijamwona tangu vuli ya mwaka uliotangulia. Nilimkuta barazani anapukuchua mahindi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mtembezi hula miguu yake. Yako imekwisha ndiyo umekuja?"

Maneno yalikuwa yake, lakini sauti haikuwa yake. Ilikwaruza kama mlango wa banda. Akaona nimesimama tu na mzigo wangu.

"Usishangae. Mwalimu wa kwaya amenihamishia besi. Nakaa na wanaume sasa, na wananipisha kwenye benchi."

Alikuwa na rovu shingoni tangu sijazaliwa. Kwetu milimani huo haukuwa ugonjwa. Bibi alikuwa na uvimbe huo, nusu ya majirani walikuwa nao, na msichana mwenye rovu dogo la mviringo alisifiwa kwamba shingo yake imejaa vizuri. Baadaye sana nilisikia kwamba ni mambo ya chumvi, kuna kitu kilikosekana ndani yake. Wakati ule tuliona ni maumbile ya watu, kama kwingine watu wanavyokuwa warefu. Kwa hiyo hakuna aliyeitazama shingo ya mama mdogo. Mimi niliitazama kwa sababu nilikuwa nimekaa mbali nayo. Upande wa kushoto uvimbe ulikuwa umekaza kama jiwe, ngozi imevutika juu yake, na alipomeza uji alifumba macho kwanza.

Njiani nilikuwa nimesikia kwa utingo wa lori kwamba hospitali moja ya misheni, upande wa pili wa milima, imeletewa mashine inayotazama ndani ya mtu bila kumkata. Habari hiyo ilikuwa imenikaa kichwani kutwa nzima. Nikamweleza.

"Shingo yangu haina neno," alisema. "Wewe ndiye unayetaka kuiona mashine."

"Nataka."

"Basi twende nikakuonyeshe. Ukiikosa utanisumbua mpaka Pasaka."

Baba mkubwa, yaani kaka wa marehemu mumewe, hakupenda. Alisema uvimbe ni kama mzinga wa nyuki, ukiuacha nao unakuacha. Kuna watu walidungwa sindano, uvimbe ukaamka kwa hasira, ukawamaliza. "Mkiuchokoza msije kukimbilia kwangu," alisema. Mama mdogo akamjibu kwamba akikimbia, kwa umri ule, hatafika hata kwenye mgomba wa kwanza.

Kule hospitalini tulisubiri siku kadhaa. Mashine ilitumia umeme wa jenereta, na dizeli haikuwepo. Ilikuwa miaka ile ya mwisho ya Ujamaa, sukari kwa foleni, sabuni kwa foleni, na mtu akikuona na kanga mpya anakuuliza ulipita mlango gani. Tulilala kwenye banda la wasindikizaji. Kila asubuhi benchi la nje lilijaa wanawake wenye shingo kama yake, wa Mgwashi, wa Malindi ya huku milimani, wa kila bonde. "Naona umeitishwa mkutano wa shingo," mama mdogo aliwaambia. "Mwenyekiti nani?" Wakamchagua yeye, kwa sababu rovu lake lilikuwa kubwa kuliko yote.

Dizeli ilipofika tukaitwa. Daktari alikuwa kijana, si mtu wa milima, na pembeni yake muuguzi mmoja mtu mzima, Mshambaa, aliyetafsiri kila mambo yalipokuwa mazito. Nilianza kuuliza kabla sijafika katikati ya chumba. Daktari akanipa waya nishikilie usichomoke ukutani, akaniambia kuanzia hapo niulize kwa macho.

Walimlaza na mto chini ya mabega, shingo ikaja juu. Dawa ya kupaka ili mashine ishike ngozi ilikuwa imekwisha, wakatumia mafuta ya kupikia.

"Haya mafuta nyumbani sina hata ya kukaangia kitunguu," mama mdogo alisema akitazama dari, "na ninyi mnakaanga shingo."

Muuguzi alicheka mpaka akaweka chupa chini. Daktari alisubiri amalize, kisha akaweka kile kifaa cha mkononi kwenye ngozi, na kwenye kioo kikatokea kijivu kinachochemka, kama ukungu unapopanda bondeni asubuhi. Sikuweza kunyamaza. Niliuliza inaonaje bila taa.

"Haioni, inasikia," alisema. "Inapiga sauti ambayo sikio letu halisikii, halafu inasikiliza inavyorudi. Ukipiga kelele ukingoni, ng'ambo si inakujibu? Jibu la mwamba halifanani na jibu la msitu."

Nilielewa mara moja. Nimepiga kelele kwenye mabonde hayo tangu utoto.

Akatuonyesha mashimo meusi ya mviringo, yenye ukingo safi. Hayo yalikuwa maji, rovu la zamani, la miaka mingi. Kisha akatelezesha kifaa upande wa kushoto. Pale palikuwa na kitu kingine nyuma ya maji, kizito, chenye rangi ya tope, ambacho hakikuwa na ukingo. Kiliingia katika nyama za jirani kama mzizi unavyoingia ukutani.

"Ningedunga kwa kupapasa tu," daktari alisema, "ningeyapata haya maji ya mbele, na ningekwambia, mama, ni rovu, nenda nyumbani."

Sindano ilikuwa nyembamba kuliko ile ya penisilini. Aliitumia kwanza kunyonya maji ya mbele, ya rangi ya kahawia, bomba likajaa na kujaa tena. Kisha akachukua nyingine. Alimwambia asimeze wala asiseme. Nilimwona mama mdogo akiuma midomo, si kwa maumivu, bali kwa kuzuia neno. Kwenye kioo ule mstari mweupe wa sindano uliingia kutoka pembeni, ukapita penye shimo, ukafika kwenye lile tope, ukaenda mbele na nyuma kidogo kidogo. Nilitazama kioo, nikatazama shingo, nikatazama kioo. Sijawahi kuona kitu kama kile, na nakiri nilikuwa na furaha.

Kilichotoka hakikutosha kulowesha ukucha. Daktari alikipuliza juu ya kioo kidogo, akakitandaza kwa kioo kingine, na muuguzi akapunga vile vioo hewani vikauke, maana ukungu ulikuwa umeingia mpaka dirishani. Vingesomwa Moshi. Turudi baada ya wiki chache.

Tuliporudi Vuga shingo ilikuwa imepungua. Yale maji yalikuwa yametoka, na kila mtu aliona. Wanawake walikuja na mboga, na mayai, na maneno. Walimgeuza kushoto na kulia. Mmoja alimpima shingo kwa kanga akasema imerudi ya usichana. Mama mdogo alijaribu kueleza kwamba sindano ya pili ndiyo ya shughuli, lakini nani asikilize habari ya sindano ya pili? Watatu waliahidi kwenda wakishapalilia maharage. Jumapili mwalimu wa kwaya alimwita arudi sauti ya pili. Alijaribu, ikakataa, akarudi besi akicheka. Lakini niliona kwamba yeye mwenyewe alikuwa ameanza kuamini. Alikula ugali, jambo ambalo hakulifanya tangu nifike. Mimi pia niliamini. Nilikuwa nimeiona mashine kwa macho yangu, na nilidhani kukiona kitu ni nusu ya kukiondoa.

Maji yalirudi. Na lile jiwe likakua, haraka, kila wiki kola ya gauni ikambana zaidi. Sasa wanawake walewale walikuja wakakaa mbali kidogo. Hawakusema kwa ubaya. Walisema, "Pole, dada. Wameliamsha." Niliwaeleza kwamba lilikuwepo, nililiona kwenye kioo kabla sindano haijaligusa. Wakanisikiliza kwa adabu, kama anavyosikilizwa mtu anayepita. Wale watatu hawakwenda. Mmoja wao alikuwa na sauti inayoanza kukwaruza, na nilimfuata mpaka shambani kwake kumwomba. Aliniambia nimwache, ameshaona mfano.

Siku tuliyorudi hospitalini daktari aliniita pembeni, maana mimi ndiye niliyekuwa mwanamume. Mama mdogo akasema kutoka kwenye benchi, "Shingo ni yangu. Semea hapa."

Akasemea pale. Vioo vilikuwa vimesomwa, na ni kansa, ya aina inayokwenda mbio. Kukata haiwezekani, imeshikana na koo. Dar es Salaam kuna mionzi. Haitaondoa ugonjwa, lakini huenda ikapunguza uvimbe ili aweze kumeza. Muuguzi aliyarudia yote kwa Kishambaa, polepole, bila kupunguza kitu.

Mama mdogo alifikiri, akauliza, "Masika yanakuja. Nipande viazi?"

"Panda tu, mama," daktari alisema. Alikuwa kijana mwema.

Mama mdogo hakumtazama. Alikuwa anamtazama muuguzi, ambaye ni mtu wa milima na analima. Muuguzi alikunja taulo lililokuwa limeshakunjwa.

"Panda mboga," alisema.

Kiazi kinataka msimu. Mboga unaichuma mapema.

"Nimesikia," mama mdogo alisema. "Asante kwa kunijibu."

Mbegu zake za viazi alimpelekea baba mkubwa. Nilitegemea mzee atukumbushe nyuki. Hakutukumbusha. Alizipokea, akazimwaga chini, akazichagua moja moja mbele yetu, zenye macho mazuri upande huu, zilizooza upande huu, kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Asubuhi tulipoondoka alikuja mwenyewe kubeba mzigo mpaka barabarani, naye alikuwa mgonjwa wa goti.

Lori lilitushusha Mombo, tukapata basi. Basi lilikwama Chalinze kwa kukosa dizeli, na tulifika Dar es Salaam kesho yake mchana. Hakuwahi kufika huko, wala mimi, pamoja na kutembea kwangu kote. Joto lilimshika kooni. Alikuwa akinywa maji kwa kijiko, akiinamisha kichwa upande wa kulia, ndiyo njia pekee iliyobaki wazi. Tuliuliza watu wa milimani wanafikia wapi, tukaelekezwa, tukapotea, tukaelekezwa tena, mpaka kwenye nyumba ya mama mmoja Mbondei aliyepangisha wagonjwa wanaokwenda mionzi.

Alitoka akifuta mikono, akamtazama mama mdogo shingo, akasema kabla ya salamu zote kwisha, "Huyu atalala ameketi. Nina mito." Akaingia ndani akatoka nayo mitatu. Sikuwa nimemwambia kwamba kwa siku nne mama mdogo alikuwa halali chali.

Chumba kilikuwa kidogo na safi. Kwenye kona kulikuwa na mafurushi mawili na sanduku la bati, vimefunikwa kanga. Nikauliza ni vya nani.

"Wapangaji. Nasubiri ndugu zao waje kuvichukua." Akasita. "Wa kwenu pia yumo mmoja, wa huko juu. Sikujua nimpelekee nani habari. Siku hizi nauliza mapema nimpe nani habari. Msinione mbaya."

Nilifungua mdomo kumwambia kwamba mimi nipo, nitakuwepo. Mama mdogo alinitangulia. Alikuwa ameshakaa juu ya mito, miguu imenyooka, na ile sauti yake ya besi ilitoka kwa vipande.

"Huyu usimtegemee. Utamtafuta kesho humpati." Alinigusa goti, akapumzika. "Mwambie dereva wa basi la Lushoto. Akishushe kikaratasi Soni, gulioni, kwa wauza viazi. Waambie ni cha Vuga. Wanamjua shemeji yangu, mzee wa goti."

"Soni, gulioni, wauza viazi," mwenye nyumba alisema. "Mzee wa magoti."

"Goti. Moja. Wa magoti ni mwingine, huyo atakuja kula tu."

Mwenye nyumba alirudia yote tangu mwanzo, akapatia. Kisha akasogeza yale mafurushi kwa mguu ili mzigo wetu upate nafasi, akanionyesha bomba lilipo na ndoo ya kutumia, akaniambia nikachote maji kabla hayajakatika.