Benchi la Nyuma

Mchungaji alinijia kliniki siku ya soko, Nunguni ikiwa bado imefunikwa na ukungu, akaniomba nimfanyie kazi aliyoiona ndogo. Kulikuwa na msichana wa kwaya aliyepata mimba kabla ya ndoa. Jumapili angesimama mbele ya kanisa atubu, kama ilivyo desturi yetu, kisha akae benchi la nyuma bila kushiriki Meza ya Bwana hadi wazee wamrudishe. Mimi ni mshauri nasaha, na ni muumini wa kanisa hilo hilo.

"Dada, ongea naye kidogo," akasema. "Asije akalia sana, ibada ikaharibika."

Hakujua kwamba msichana huyo alikuwa tayari anakuja kwangu. Alikuwa ameniambia mimba ni ya kiongozi wa kwaya, na kwamba yeye hakukubali. Habari za kwenda polisi hakutaka kuzisikia, wala hakutaka mama yake ajue. Nami nilikuwa nimemwahidi kwamba ya chumba kile hayatoki bila ruhusa yake. Nilimwuliza tena kama naweza kusema, akatikisa kichwa.

Nilikasirika, nisidanganye. Nimesomea kutuliza watu, sasa nilitakiwa nimtulize mtu ili aonewe bila kelele.

Tena benchi lile nalijua. Nilikalishwa pale nikiwa na umri kama wake, mwanangu wa kwanza akiwa tumboni. Mume wangu, mtu wa Kibwezi, alinioa nikiwa na mtoto lakini hakujua nilivyotubishwa. Sikuwahi kumwambia. Shahada yangu iko ukutani, lakini nikikumbuka siku ile, uso unaniwaka mpaka leo.

Jumapili kiongozi wa kwaya aliimbisha kama kawaida. Mchungaji alipomwita msichana, nikasimama mimi.

"Mimi nilisimamishwa hapa nikiwa msichana," nikasema. "Sikupona. Niliumia. Baba wa mtoto alikuwa ameketi hapa ndani na hakuna aliyemwita. Nawaomba, huyu msimsimamishe."

Mzee mmoja alisema kanisa si hospitali. Nyuma yangu mama fulani akanong'ona kwamba mtu mzima kujivua nguo hadharani ni laana. Sikuketi. Mwishowe mchungaji akaagiza wimbo, na aliyeuanzisha ni kiongozi yule yule, kwa sauti yake nzuri. Msichana hakuitwa tena siku ile.

Mume wangu, aliyesikia yote pale kanisani, alitangulia mbele yangu hadi nyumbani. Sokoni nikasikia kwamba mdomo wangu hauna kufuli, na wateja wengine wakaacha kuja. Hilo liliniuma kuliko yote, kwa maana siri kubwa kuliko yangu nilikuwa nimeifungia. Wazee nao wametuma neno kwamba tutaitwa sote wawili, mimi na msichana.

Wiki hiyo alikuja kliniki. Nilidhani amekuja kunilaumu kwa kumwongezea macho ya watu. Aliketi, akaikunja leso yake mapajani, akaikunjua, akaikunja tena.

"Anti, ulisema yako tu," akasema. "Yangu hukuitoa."

Nikamwambia haikuwa yangu niitoe.

Akaiweka leso kando. Kisha akaniuliza kama pale kituoni kuna polisi mwanamke, na kama ningeweza kumsindikiza, niingie naye mpaka ndani.