Nilivyoacha ajira ya serikali Kilosa nikaenda kutibu ng'ombe Mikumi

Wakuu, habari za mchana.

Humu mimi ni msomaji wa kimya wa miaka mingi. Nasoma nyuzi za watu, nacheka, nalia, nafunga simu naendelea na shughuli zangu. Leo acha na mimi nichangie. Ninayoandika yamenitokea mwenyewe, na nitaweka hata sehemu zinazoniaibisha. Majina tu ndiyo nimebadilisha.

Uzi ni mrefu kidogo, vuta kiti.

Mimi ni mwanamke, nina mume na watoto wawili. Nimesomea afya ya mifugo, ngazi ya diploma. Ajira ya serikali niliipata kabla sijaolewa, nikapangiwa Kilosa.

Kwenye ukoo wetu nilikuwa wa kwanza kuajiriwa. Mama yangu ni mkulima wa mahindi na mpunga kule Munisagara, alinilea peke yake baada ya baba kufariki. Siku nilipopata kazi alizunguka nyumba kwa nyumba kuwatangazia majirani. Tangu siku hiyo wanamwita Mama Afisa, na yeye anaitika kwa sauti.

Miaka ya mwanzo nilikuwa field. Gumboots, koti, sindano, ng'ombe. Nilikuwa narudi nyumbani nimechoka hoi, lakini nimechoka vizuri, sijui kama mnanielewa.

Halafu ikagundulika kwamba najua kompyuta.

Walioko maofisini hapo mmeshacheka.

Ilianza na "tusaidie hii ripoti moja tu." Ikawa mbili. Ikawa nina meza, nina laptop, nina kiti cha kuzunguka. Wenzangu wanatoka kwenda vijijini, mimi nabaki na majedwali.

Niseme wazi, hakuna aliyenionea. Bosi wangu alikuwa mtu mwema, na zile takwimu zina kazi yake, bila hizo huwezi kupanga hata chanjo. Shida ni kwamba nilikuwa hodari kwenye kitu ambacho sikukisomea, na kila nilivyozidi kukifanya vizuri ndivyo nilivyozidi kuwa mbali na wanyama.

Mwaka wa nane kazini nikajiuliza, mara ya mwisho kumshika mnyama mgonjwa ilikuwa lini? Sikukumbuka. Nilisikia aibu peke yangu mle ofisini.

Sasa kuna mzee nitamwita Dokta Sefu. Alinifundisha mafunzo ya vitendo chuoni. Amestaafu, akafungua kliniki ndogo ya mifugo na duka la dawa Mikumi, pembeni ya barabara kuu ya Iringa. Magoti yamechoka, hawezi tena kuinama zizini. Siku moja akanipigia.

"Zaina, sina mtu wa kutoka. Njoo tufanye kazi."

"Dokta, shikamoo kwanza," nikamwambia huku nacheka.

"Marahaba. Njoo tufanye kazi."

Mkataba wa mwaka mmoja, miezi mitatu ya majaribio. Hakunipamba. Alisema, "Huku hakuna uhakika kama huo wa kwenu. Nikifa kesho watoto wangu wanaweza kulifunga hili duka. Nakwambia mapema ili usije ukasema nilikudanganya."

Nikamwambia nipe muda.

Wakuu, huo muda ulikuwa miezi minne. Asubuhi naamka nimeamua kwenda, jioni nimeamua kubaki. Mashosti wakagawanyika. Mmoja akaniambia nina kichaa, watu wanatembea na vyeti miaka kumi wanaitafuta hiyo nafasi ninayotaka kuitupa. Na hakukosea! Mdogo wangu mwenyewe ni mmoja wa hao wanaotafuta.

Mume wangu, Baba Nuru, ni fundi wa kuchomelea mageti. Yeye alisema jambo moja tu. "Chukua likizo yako ya mwaka, nenda ukaone. Usiamue ukiwa umekaa."

Nikaenda.

Wiki ya kwanza nilikuwa nauza dawa za kupe na kuwaelekeza watu namna ya kuchanganya. Kazi ya kawaida. Nikaanza kuona kama nimebadilisha meza tu.

Wiki ya pili, saa nne asubuhi, akashuka mama mmoja wa kifugaji kwenye bodaboda. Nitamwita Mama Naserian. Kiswahili chake ni cha kukata kata, lakini siku ile kilitosha.

"Daktari, ng'ombe anashindwa. Tangu alfajiri. Mguu mmoja tu umetoka."

Dokta Sefu akaniangalia. Akaniletea gumboots zake mwenyewe.

Njia nzima nilikuwa najikumbushia masomo moyoni kama mtoto anayekwenda kufanya mtihani. Ukweli ni kwamba nilikuwa naogopa. Miaka mingapi sijaingiza mkono kwa ng'ombe anayezaa? Na watu walikuwa wameshajaa zizini. Mzee mmoja akauliza kwa sauti, "Mwanaume hayupo?"

Mama Naserian akamjibu kwa lugha yao. Sijui alisema nini, lakini yule mzee alisogea pembeni.

Nikanawa mpaka begani, nikajipaka mafuta, nikapiga magoti kwenye tope. Mguu wa pili wa ndama ulikuwa umejikunja nyuma. Hapo ukivuta kwa nguvu unawaua wote wawili. Inabidi umrudishe ndama ndani taratibu mama anapopumzika kusukuma, uutafute ule mguu, uifunike kwato kwa kiganja ili isimchane, ndipo uulete mbele.

Mara ya kwanza uliniponyoka. Mara ya pili pia. Mkono ukafa ganzi. Nikasikia mtu nyuma yangu anasema basi, achinjwe tu.

Mara ya tatu ukaja.

Tukafunga kamba, tukavuta pamoja na ng'ombe anavyosukuma, ndama akaanguka kwenye nyasi. Hapumui. Nikamsafisha pua na mdomo, nikamsugua kifua, nikamchokonoa pua kwa ujiti wa nyasi. Kimya. Nikaendelea kusugua, naongea naye kama mwehu, "Piga chafya baba, piga chafya."

Akapiga chafya.

Lile zizi lilivyolipuka kwa vigelegele, sina maneno. Mama Naserian alinishika kichwa kwa mikono miwili. Mimi nilikuwa nalia, nimejaa tope mpaka kwenye nyusi.

Niliporudi Kilosa Jumapili, Baba Nuru alinikuta naanua nguo. Nikamsimulia mwanzo mpaka mwisho. Alipomaliza kusikiliza akasema, "Miaka yote hii unaniletea habari za vikao. Leo ndiyo mara ya kwanza unanisimulia kazi."

Hapo niliamua. Ila kulikuwa bado na mama yangu wa kumwambia.

Nikapanda kwenda Munisagara. Nilimkuta anapepeta mahindi. Nikamwamkia, nikakaa, nikasema yote bila kuzungusha.

Akaweka ungo chini. "Wamekufukuza?"

"Hapana, mama."

"Umeiba?"

"Mama!"

"Basi unaumwa. Mtu hatoki serikalini kwa akili zake timamu."

Nikamweleza habari za ndama. Akanisikiliza, kisha akasema kwa sauti ya chini, "Mimi nilikuwa nalala vizuri. Nilijua hata nikiondoka, wewe umeshafika. Sasa unataka nianze tena kuhofia?"

Hilo liliniuma kuliko kelele zote. Nilimsaidia kupepeta mpaka yakaisha, nikaaga. Hakunisindikiza.

Nilimfuata dada wa utumishi ofisini, nikauliza kila kitu: michango yangu ya pensheni inakuwaje, notisi ni ya muda gani, matibabu ya watoto yanahamiaje. Wakuu, msiruke hatua hii. Usiulize kijiweni, uliza mezani kwa mhusika. Kisha nikaandika barua. Bosi akaisoma mara mbili, akasema, "Nilijua hii siku inakuja. Nenda vizuri, na ukihitaji ushauri mlango wangu haujafungwa." Niliagana na wote kwa amani.

Miezi ya kwanza Mikumi ilikuwa migumu, sitawaficha. Nilipanga chumba, narudi Kilosa mwisho wa wiki. Kuna wafugaji walioniita "daktari wa dukani", wakidhani nakuja kuwauzia chupa za dawa tu. Kuna asubuhi niliamka nikatamani kile kiti changu cha kuzunguka, wallahi. Na kuna wenye mbuzi wawili tu, wasio na uwezo, ambao nikiwa serikalini ningewahudumia bila swali, lakini hapa lazima walipe. Nilimwambia Dokta Sefu hilo linanikosesha raha. Tukakubaliana Jumatano asubuhi ni siku ya ushauri wa bure, yeyote aje na mnyama wake. Siku hizi Jumatano panajaa.

Sasa ni mwaka wa pili. Mkataba umeongezwa. Familia imehamia huku, na Baba Nuru hakosi kazi, malori ya barabara kuu kila siku yana kitu cha kuchomelea.

Mama alininunia miezi mitano. Salamu tu, basi. Halafu mchana mmoja akapiga simu, bila hata utangulizi.

"Mbuzi wa jirani kavimba tumbo. Nimeshawaambia mwanangu yuko njiani."

"Mama, niko Mikumi, ni mbali."

"Ndiyo maana nimekupigia mapema."

Nilimwelekeza yule jirani cha kufanya kwa simu, kisha nikaenda kweli. Mbuzi alipona.

Nilichojifunza: miezi minne nilikuwa najiuliza swali lisilo langu, serikali au binafsi. Swali langu lilikuwa, kazi niliyoisomea bado naifanya? Ningekuwa nimeachwa field pale Kilosa, huenda leo ningekuwa bado mtumishi mwenye furaha. Kwa hiyo sikwambii uache kazi. Nakwambia kaijaribu hiyo nyingine kwa mikono yako kabla ya kuandika barua.

Waliotoka wakajuta, waliobaki wakashukuru, karibuni mseme, nitasoma yote. Nitajibu jioni, kuna foleni ya mbuzi hapa nje na leo ni Jumatano.